Picha Nne Zenye Alama

Nilikuwa chali sakafuni, mikono kisogoni, nimeuma meno, najinyanyua. Mjukuu wangu alikuwa kitandani kwake, shavu juu ya mto, ananihesabia.

"Kumi na moja. Bibi, unafanana na kobe aliyepinduliwa."

"Hesabu, mke mwenzangu. Domo baadaye."

"Kumi na moja na nusu."

Nilicheka, na kicheko kikanichoma kiunoni hadi machozi yakanitoka. Nikafurahi. Nilidhani yale maumivu ndiyo nguvu inaingia.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kilo arobaini na moja. Miguu yake haikuwahi kumbeba hata siku moja. Mama yake, mwanangu wa mwisho, aliniachia akiwa wa miezi minane, naye akaenda zake kaburini. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kwenye kiti hadi chooni, chooni hadi kwenye kiti: mara sita, mara saba kwa siku, kifua kwa kifua, mikono yake shingoni mwangu. Alipokuwa na miaka mitano nilimbeba huku nakoroga sufuria. Kila mwaka yeye aliongezeka na mimi nikapungua, wala hapakuwa na mwenye kosa.

Mwanangu mkubwa, mjomba wake, ndiye aliyesema neno ambalo sote tulikuwa tunalikwepa. Alinikuta nimeinama juu ya beseni, siwezi kunyooka.

"Mama, siku utakapomwangusha, anakwenda kituo cha kulelea walemavu. Sitakuuliza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema akitazama viatu vyake.

Ndipo nikaenda hospitali, kwa yule binti wa mazoezi ya viungo. Alinigusa mgongo pingili kwa pingili, akanieleza kwamba uti wa mgongo haujishikilii wenyewe. Unashikiliwa na misuli ya tumbo na ya kiuno, kama mlingoti wa antena unavyoshikiliwa na waya. Yangu imelala. Ikiamshwa, nitambeba mjukuu wangu miaka mingine. Akanipa karatasi yenye picha nane, ile wanayompa kila mtu, akatia alama ya kalamu nyekundu kwenye nne.

"Hizi tu, Bibi. Hizo nyingine ni za vijana wa mpira, zitakuumiza."

Nikaitikia. Kuitikia sijambo.

Nyumbani nikazitazama vizuri. Ya kwanza yenye alama, mtu kalala chali, magoti juu, anainua makalio kidogo. Ya pili yuko kwa mikono na magoti, kanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande mwingine. Ya tatu kaegemea kiwiko, ubavu hewani. Ya nne sikuamini macho yangu: mtu kalala, anavuta tumbo ndani, anapumua, basi. Nikazijaribu zote na jasho halikunitoka. Nimefua mashuka ya watu miaka thelathini, beseni baada ya beseni. Mwili wangu haujui kazi isiyouma. Nikaona binti kanihurumia uzee, kanipa michezo ya watoto. Nikachagua mbili zisizo na alama: ile ya kujinyanyua mikono ikiwa kisogoni, na ile ya kuinua miguu yote miwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo niliyoiita kazi.

"Bibi, hiyo haina alama," mjukuu wangu alisema siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. "Na hapa chini wameandika, ukisikia maumivu, acha."

"Aliyeandika hajawahi kufua blanketi."

Akaanza kuhesabu.

Zikapita wiki nane. Ya tisa, asubuhi, maji ya kuoga yakitokota jikoni, nikamkumbatia kama kawaida, nikasema moja, mbili, na kwenye tatu kitu kikakatika kiunoni kama uzi wa kushonea. Sikumwachia. Mikono ilifunguka yenyewe. Paja lake likapiga chuma cha kiti, na ule mlio sitaufananisha na kitu.

Nilianguka kando yake. Midomo ilikuwa imempauka. Hakulia. Alisema, "Bibi, usiinuke haraka."

Wodini mguu wake ulikuwa umefungwa plasta hadi nyonga. Mimi nimekaa na mkanda kiunoni, mwanangu kasimama na funguo za gari mkononi. Yule binti wa mazoezi akaja na faili. Hakunigombeza.

"Bibi, zile picha nne ulizifanya?"

Nikafungua kinywa. Mjukuu wangu akaniwahi.

"Alizifanya zote. Kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa namhesabia."

"Kweli, Bibi?"

Nilimtazama mwanangu, nikazitazama zile funguo.

"Kweli."

Binti akashusha pumzi. "Ungekuwa hukuzifanya, ningesema tuanze upya, tuone baada ya miezi mitatu. Wengi hawazifanyi. Lakini kama umezifanya wiki zote hizo na mgongo umekutupa, siwezi kuandika kwamba unaweza kumbeba."

Nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu ya kutosha mtu kumaliza glasi ya maji. Nilijiambia kwamba nikisema nitamfanya mtoto mwongo mbele ya mjomba wake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtoto akatazama dari, na kalamu ikaandika.

Alipelekwa kituoni plasta ikiwa bado mguuni.

Siku hiyo hiyo niliitandaza karatasi sakafuni nikaanza picha ya kwanza yenye alama. Hapakuwa na wa kunihesabia. Mwezi wa pili niliacha kushika ukuta nikitoka kitandani. Mwezi wa nne nilinyanyua ndoo iliyojaa. Mwaka ulipotimia nilijaza mchanga kwenye gunia, nikalipima, kilo arobaini na tano. Nikalikumbatia kifua kwa kifua, nikasema moja, mbili, tatu, nikaliinua, nikaligeuza, nikalikalisha kwenye kochi. Nikalirudisha kitandani. Mara saba. Nilimwita mwanangu aone. Alitazama mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, hilo ni gunia."

Kituoni wapo wanawake wawili wa kumnyanyua, mmoja huku, mmoja kule, na shuka katikati. Mimi huenda kumwona kila wiki. Juzi alikuwa anajikwangua rangi ya kucha, hanitazami.

"Bibi. Zile nne. Ulikuja ukazifanya?"

"Nilizifanya. Mwaka mzima."

"Zikasaidia?"

Swali lile lilikuwa limemkalia usoni muda mrefu. Limemkondesha mashavu, na mimi wiki zote hizo nilidhani ni chakula.

"Hazikusaidia kitu," nikasema. "Mgongo ulikwisha zamani, mke mwenzangu. Hata ungemwambia vingine yule binti, ingekuwa vilevile."

Mabega yake yakashuka. Akaanza kunisimulia habari za jirani yake wa kitanda, anavyokoroma usiku na asubuhi anakataa katakata. Nikamsikiliza hadi kengele ya wageni ikalia. Nikajishika kiuno kwa mkono mmoja, nikainuka polepole, kama mtu anayeumwa.