Mkwaruzo wa Chafya

Wewe ulikuwepo. Usitafute pa kuweka macho. Pikapu nyeupe ilipotoka kwenye geti la kampuni ya kokoto, saa nne asubuhi, jua limewaka na barabara imejaa watu, ulikuwa umesimama mbele ya duka la vipuri. Ulimwona kijana mwenye ovaroli kwenye kiti cha mbele, mikono imefungwa kamba, na nyuma yake jitu limemkamata ukosi. Akageuza uso, akakutazama. Nawe ukajitia hamnazo, ukainama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

Miaka tisa imepita. Kwa kuwa siku ile hukutazama, leo utasikiliza.

Kijana yule alikuwa fundi rangi wa magari ya kampuni. Wenzake walimwita Chafya, maana vumbi la msasa halikumwacha salama: lazima apige chafya tatu, hazipungui wala hazizidi. Chafya hizo ndizo zilizomfikisha ofisini. Alidai barakoa, kwanza yake, kisha za wapaka rangi wote, kisha za waponda mawe waliokuwa wakikohoa na kutema kitu cha kijivu. Meneja akacheka, akasema mwenye mafua anunuliwe leso. Wiki ya tatu waponda mawe mia mbili wakaweka nyundo chini. Wiki ya nne ndiyo ikaja pikapu. Kampuni ikatangaza kwamba Chafya amekimbia na mke wa mtu, nanyi mkalipokea neno hilo kama pipi, mkalimung'unya.

Aliacha mama na dada. Mama hakulia, kwani kumlilia mtu ni kukubali. Alichofanya ni kukataa kitasa cha mlango kibadilishwe. Kimelegea, mvua ya upepo inaingia hadi ukumbini, lakini ng'o. Ufunguo wa pili anao kaka yako, humwambia binti yake, siku akirudi atafungua na nini?

Binti naye alishika kazi ya kaka yake, ila yeye ni wa ndani ya magari: dashibodi, paneli za milango, plastiki zote zinazochubuliwa na viwiko vya watu. Gereji nzima inamwita Msasa. Fundi umeme, ambaye ulimi wake hauna breki, husema ukipeana naye mkono huna haja tena ya kukata kucha.

Jumanne moja mzee aliyenyooshwa kwa pasi tangu ukosi hadi soksi alileta pikapu ya buluu. Anataka kuiuza, mnunuzi anakuja Ijumaa, na ndani kunatia kinyaa: rangi nyeusi imebambuka kama ngozi ya mjusi. Akamwita binti, akamsihi airudishe kwenye kijivu chake cha kiwandani. Msasa akamwita mzee wangu, akapokea ufunguo, hana hili wala lile.

Kesho yake alifungua skrubu, akang'oa klipu mojamoja kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa ili isichune, akazilaza paneli mezani na kuziosha kwa sabuni mpaka mafuta yote yakatoka. Ndipo alipoanza kumtukana aliyezipaka. Kapaka kwa brashi, bila msasa, bila praima ya kushikia rangi, rangi nzito juu ya uchafu. Huyu hakuwa anapamba, alimwambia fundi umeme, huyu alikuwa anafukia. Fundi umeme akasema hata yeye kapaka ukuta wa nyumbani hivyohivyo na mkewe hajalalamika. Msasa akamjibu kwamba mkewe amekwisha kuzoea kuishi na vitu vilivyopakwa vibaya, naye akiwemo.

Akachovya msasa wa maji kwenye ndoo, akaanza kusugua. Nyeusi ikageuka uji, kijivu kikachungulia. Paneli ya dereva ikaisha. Akashika ya abiria wa mbele. Chini ya kiegemeo cha mkono, pale jicho lisipofika, nyeusi ikakataa kutoka. Akafuta kwa kitambaa, akainamia. Pote palikuwa kijivu isipokuwa mistari iliyokatwa ndani ya plastiki, rangi imeganda tumboni mwake: mawimbi matano makali, la mwisho limepinda kurudi nyuma kama mkia wa paka aliyekanyagwa.

Mkono wake ulisimama wenyewe.

Kazi hii ina desturi. Kabla ya kusugua praima, fundi huchora juu yake kwa penseli, ovyoovyo, kisha husugua mpaka mchoro uishe. Mstari ukibaki, hapo pana bonde. Kila fundi ana mchoro wake, na mkono haujui kujibadilisha. Kaka yake alichora mawimbi matano na mkia. Ndiye aliyemfundisha, akiwa amemshika kiganja juu ya boneti kuukuu nyuma ya nyumba, akirudia neno moja kila siku: mkwaruzo usiousaga, rangi itakutunzia.

Nyuma yake mtu akapiga chafya. Mara tatu.

Fundi umeme alikuwa ameenda kula. Alipogeuka palikuwa na pikapu tu, milango minne wazi, mbavu za bati nje. Msasa aliisogelea, akabandua mpira wa ukingo wa mlango. Chini ya buluu palikuwa peupe, kama pikapu ile ya kampuni.

Akaketi chini kwenye saruji yenye maji. Kaka yake alijua watapaka. Alijua pia kwamba mwenye haraka ya kuficha hapigi msasa. Basi, kwa mikono iliyofungwa, bila hata kutazama, akachora kitu pekee ambacho vidole vyake vingeweza kukichora gizani, mahali ambapo angefika fundi tu.

Kulikuwa na pati ya kuzibia, kopo zima, karibu na goti lake. Dakika kumi, na pangekuwa laini. Mama angeendelea kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kumemshika mama wima miaka yote hii. Msasa alilifungua kopo. Akalitazama. Akalifunga.

Alizipaka paneli nyingine zote na dashibodi yake, akazipaka vizuri kupita kawaida, asije mtu akasema ameharibu kazi. Ya abiria wa mbele akaiacha uchi mezani.

Alhamisi saa kumi jioni mzee alikuja. Alizunguka, akapapasa, akasifu mikono yake kwamba ina baraka. Kisha akaiona mezani, akauliza kama imesahaulika.

"Haikusahaulika, mzee wangu," Msasa alisema. "Hiyo ni ya kaka yangu."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kopo la rangi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema yeye alikuwa dereva tu. Msasa akamwambia hakumuuliza alikuwa nani, amemuuliza alimshusha wapi, ingawa hakuwa ameuliza bado.

"Alipiga chafya njia nzima," mzee alisema, akiiangalia sakafu. "Nikawa namwambia, afya, mwanangu. Kila akipiga, afya. Mpaka tukafika."

Mengine aliyatoa kama mtu anayetema mifupa ya samaki. Aliuona ufunguo mkononi mwa kijana, akausikia ukikwaruza, akanyamaza. Jambo hilo amejihesabia kama wema. Shimo la pili la machimbo, nyuma ya mzani wa malori. Alitumwa maji, aliporudi wakawa wawili badala ya watatu, yeye na lile jitu. Alfajiri malori yakamwaga kokoto. Akaambiwa asafishe gari, na brashi alijinunulia mwenyewe. Kampuni ilipofungwa wakampa pikapu, asante ya utumishi.

"Ipake tu, binti," alisema. "Yamepita hayo. Funika kombe."

"Mwanaharamu apite?" Msasa aliuliza. "Hajapita, mzee wangu. Amekalia kopo langu."

Mzee aliondoka na mlango usio na paneli.

Nyumbani Msasa aliiweka paneli mapajani pa mama. Kidole cha mama kikafuata mawimbi, kikapanda na kushuka, kikafika mkiani, kikatulia.

"Ufunguo alikuwa nao?"

"Alikuwa nao, mama."

Mama akasimama. Akachukua bisibisi ya binti yake, akakifungua kitasa skrubu kwa skrubu, akakilaza juu ya paneli. Mlango ukabaki unapigapiga. "Haya," akasema, "tukamlete."

Walikwenda kituoni. Afisa aliigeuza paneli huku na huku, akasema mkwaruzo si shahidi. Dereva hapokei simu. Na uwanja wa machimbo umeuzwa, patajengwa maghala. Tingatinga mbili zimeshushwa tangu Jumamosi, na Jumatatu alfajiri zinaanza kusawazisha, kuanzia nyuma ya mzani.

Sasa wewe, fundi wa kuinama. Mama yule atakuwa amesimama mbele ya tingatinga ya kwanza, paneli kifuani, na binti yake ubavuni. Wawili hawazuii chuma. Waponda mawe mia mbili mlioweka nyundo chini, wale mliobaki na mapafu, mnapajua mahali. Njoo na koleo. Huna koleo, njoo na karai, njoo na mikono. Mwamshe jirani yako, yule aliyesema ni mke wa mtu. Tutachimba kokoto hiyo tuiondoe ndoo kwa ndoo, nawe safari hii utatazama.

Leo ni Jumapili. Vaa viatu, twende.