Bwana Joconde Alileta Ngombe Ngapi?

“Mama Plamedie, binti yako iko sasa Madame Joconde.”

Hivyo ndivyo Mama Héritier aliniambia Jumamosi asubuhi sokoni, akipima unga ya muhogo. Yeye alisikia kwa binti ya dada yake. Ile neno ilinifuata mupaka nyumbani, ikaingia pamoja na mimi jikoni. Mama wenzangu, munajua kwetu mutu haitwe Madame bure. Ukiolewa na Evariste, weye ni Madame Evariste. Basi Plamedie yangu wa miaka kumi na saba alikuwa na bwana, na huyo bwana jina yake Joconde.

Joconde wa wapi? Si jina ya kwetu Nyankunde, na hapa Bunia pia sijaisikia. Nikasema labda ni mununuzi wa zahabu kule Iga Barrière, wale wanaovaa miwani nyeusi hata siku ya mvua. Nikakumbuka mambo. Plamedie anarudi giza ikianza, vidole vinanuka kama petroli. Basi iko na pikipiki! Na kila jioni nikichagua maharagi, ananitazama sana bila kusema kitu, kama mutu anayetafuta namna ya kuniaga.

Nikaacha sombe, majani ya muhogo, juu ya moto. Nikafunga kikwembe yangu ya Pasaka, sababu mutu hapokee mukwe na nguo ya jikoni, hata kama ni mukwe wa kufukuza. Nikasimamisha motari mwenye kubeba watu na pikipiki.

“Mama, tunaenda wapi?”

“Kwa Joconde.”

“Joconde gani?”

“Kama ningejua, ningekuita weye?”

Huyo motari, Assani, akakuna kichwa. “Aa! Hiyo jina niliisoma kwa mulango ya mwalimu Lambert, nyuma ya sale ya paroisse, pale kanisani. Panda.”

Kweli, iliandikwa pale na rangi nyekundu: JOCONDE WA DUNIA YOTE, KESHO KISHA MISA. Nikasema moyoni: wa dunia yote! Kumbe iko na wake kila mahali, na anajitangaza bila haya.

Sikupiga hodi.

“Joconde atoke!”

Ndani kulikuwa vijana sita na burashi mukononi, na kopo ya petroli ya kuoshea rangi. Plamedie yangu akaangusha yake. “Mama!”

Mwalimu Lambert, muzee mwembamba mwenye rangi mupaka ndani ya ndevu, akanionyesha ukuta pole pole. “Joconde iko pale, mama.”

Ilikuwa karatasi ya kalandrie, ile ya kuhesabia siku. Muke mweupe, mukono moja juu ya ingine, bila nyusi, anacheka bila kufungua kinywa. Chini yake kulikuwa picha zingine sita, na wanawake wote wamekaa kama yeye. Moja alikuwa wa Japani, na kimono. Moja wa India, sari nyekundu na alama kwenye paji. Moja wa Meksiko, maua juu ya kichwa. Moja wa jangwa, kitambaa ya bluu mupaka kidevu. Moja wa inchi ya baridi, amevaa ngozi ya munyama.

“Na bwana yake iko wapi?” nikauliza.

Vijana wakacheka mupaka wakashikana. Mwalimu hakucheka.

“Mama ameuliza vizuri. Huyu alikuwa Liza. Joconde ni jina ya bwana yake, muchuuzi wa hariri kule Italia, zamani sana. Siye tunajiuliza: kama angezaliwa mahali pengine, angekuwa namna gani? Plamedie ndiye anachora yule wa Bunia. Ni sababu hiyo wenzake wanamuita Madame Joconde.”

“Munasikia?” nikasema. “Nilijua ni jina ya bwana ya mutu!”

Ndipo nikaona ile ya sita. Fulari ya manjano kichwani. Lungo ya maharagi juu ya magoti. Nyuma yake ngombe na vilima vya njia ya Nyankunde. Na sura ilikuwa yangu. Kumbe zile jioni zote hakuwa anatafuta namna ya kuniaga.

Lakini pembeni ya kinywa niliona kitu cheusi, kama masizi. Mama ni mama. Nikatia mate kwa kidole, nikapanguza.

“Mama, hapana!”

Ilikuwa rangi mbichi. Ile nyeusi ilikuwa kivuli ya kicheko. Sasa kinywa ilitoka pale ikafika sikio.

Plamedie akakaa chini. “Miezi mbili, mama. Na Sista Hélène wa shule ya kuchora ya Kisangani anakuja kesho kuchagua mutu moja wa kusoma kule.”

 Mwalimu akaleta kiti. “Mama amefuta kinywa, atuletee ingine. Ukae. Na usiseme.”

Nikakaa wakati ya Baba Yetu moja. Kisha nikauliza kama watoto wamekula.

“Mama, funga kinywa!”

Nikafunga. Tangu miaka kumi na saba nacheka kinywa imefungwa, sababu ya pengo ya mbele. Lakini ule musichana Joëlle, mwenye kuchora Mujapani, akaniinamia kwa heshima kabisa:

“Samahani, mama. Bwana Joconde alileta ngombe ngapi?”

Kicheko ikanitoka yote. Mukono ikapanda kuficha.

“Teremusha mukono, mama.”

“Jino, Plamedie!”

“Najua. Ilitoka wakati ulikuwa na mimba yangu. Basi ile pengo ni yangu pia. Teremusha.”

Nikateremusha. Akachora haraka, kama mutu anayekimbia mvua.

Kesho yake, kisha misa, Sista Hélène alipita mbele ya zile tano na mikono mugongoni, anatikisa kichwa. Mbele ya yetu akasimama, akaanza kucheka. Watu waliokuwa nyuma yake wakacheka bila kujua sababu, kisha wakaona, wakacheka zaidi. Mama Héritier akapiga kelele: “Kumbe Madame Joconde ni weye!”

Plamedie anaenda Kisangani mwezi wa tisa. Nilicheza mupaka kiatu ikakatika. Lakini Kisangani iko mbali, na sokoni wameisha kuniambia maneno juu ya Kisangani. Ndiyo maana naandika haya maonyo, nami nisome pamoja nanyi, nisikimbie tena.

Mujiepushe na haya:

Usipande motari kabla hujamuuliza mutoto yako.

Usitafute mukwe ambaye hakuna mutu amemuona.

Usivae kikwembe ya Pasaka mahali wanachora. Ile rangi haitoke na sabuni.

Usipanguze picha na mate, hata kama ni sura yako.

Usifiche pengo mbele ya mutoto anayejua kuchora. Ameisha kuiona.

Usiache sombe juu ya moto. Yangu iliungua yote, na sufuria.