Milaya Juu ya Rauta

Kwa maneno ya Natalina, intaneti ya Poni ilikuwa inaibwa mchana kweupe. Yeye Natalina, jirani wa mlango wa pili hapo mtaani Munuki, alikuwa anaanika nguo alipomwona Gedi wa dukani amesimama nyuma ya uzio, simu juu, akisogea pole pole kama mtu anayefuata harufu ya nyama.

"Mimi iliona, we Poni. Ile Gedi imekunywa neti yako yote. Wewe kaa tu na sindano."

Poni hakuinua kichwa. Alikuwa anadarizi ua kwenye milaya, shuka la arusi ya mtu, na ua haliachwi katikati. Lakini maneno yalimwingia. Kila alipompigia dada yake Night kule Kampala kwa simu ya video, picha ilitembea vizuri mpaka afike kwenye swali lake moja: Tisa, binti yake Poni anayesoma huko, atakuja nyumbani likizo hii? Hapo uso wa mtoto ulivunjika vipande vipande, ukaganda, simu ikakatika. Na basi linaondoka kesho. Night anataka jibu leo, akate tiketi au asikate.

Ua lilipokwisha, akaenda dukani.

Gedi alimsikiliza mpaka mwisho. "Dadangu, mimi hapo kwa uzio natafuta network yangu. Na kama yako ni mbovu hivyo, niibe ya nini?" Akacheka, kisha akaona Poni hacheki. "Haya, twende niione."

Rauta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa mezani pembeni, imefunikwa milaya ndogo yenye ndege wawili, pindo jekundu, imebanwa pande zote kama mtoto aliyelala.

"Umeivalisha nguo?"

"Vumbi," Poni alisema. "Na ndicho kitu kizuri cha nyumba. Hakiwezi kukaa uchi."

Gedi akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka. "Hii unaweza kuchoma chapati juu yake."

"Kwa hivyo ni joto?"

"Labda. Ama mnara. Ama watu ni wengi. Mimi nauza sukari, dadangu."

Poni akatoa milaya, akaisogeza rauta dirishani, akaizima, akangoja ipoe, akaiwasha. Taa zikawaka vile vile kama zamani. Hakujua kama amefanya kitu au hakufanya. Huko nje Natalina aliwaambia watu wa uani kwamba sasa mwizi ameingia ndani kabisa.

Akapiga. Night alitokea, akampa Tisa simu. Poni hakuwahi kumwona vizuri namna ile: pengo la jino, nywele zilizosukwa na mkono mwingine, jasho juu ya mdomo.

"Tisa, ni mama. Kesho kuna basi. Utakuja nyumbani?"

Tisa alimtazama. Akamtazama mama mkubwa wake pembeni, akarudisha macho, akakaa hivyo.

Poni akangoja. Akaipiga simu kidogo kwa kidole, kisha akamnyooshea Gedi pale mlangoni.

"Gedi, niangalizie. Imekwama tena?"

Ndani ya simu, nyuma ya mtoto, pazia lilikuwa linapepea. Paka alipita chini yake, akarukia kiti, akaanza kulamba mguu. Gedi aliangalia simu, kisha akaangalia viatu vyake.