Kapiteni Huchagua Kwanza

Achille alivua kofia yake mpya akayapungia maharagwe ya kando ya njia, kana kwamba yalikuwa yamejipanga kumpokea. Kinshasa ilikuwa imemnenepesha. Jolie, nyuma yake, alicheka kila neno lake. Perpétue alitangulia, kwa kuwa ndiye aliyebaki hapa Mugunga na ndiye aliyeijua njia: mawe meusi ya volkano hula viatu vya wageni.

"Kapiteni hajabadilika," Achille alisema. "Angali mbele."

Jina hilo lilimpasha Perpétue moto moyoni. Alifika hapa akiwa mtoto wa kambini, familia yake imekimbia vita Masisi, hana kitu isipokuwa jina alilopewa na watoto wa wenye nyumba, Achille na Jolie. Wengine hurithi mashamba. Yeye alikuwa na hilo moja, akalitunza hata baada ya kuwazika wazazi.

Karibu na ziwa la Lac Vert walisimama ukingoni mwa shimo. Utotoni mpira wao ulizoea kudumbukia humo, na humo ndimo hukaa mazuku, hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayolala mabondeni na kuua kuku, mbuzi, na mtu anayeinama. Waliamua kwa nyasi: aliyechomoa unyasi mfupi alishuka kuuchukua. Kapiteni alichagua kwanza, na kila mara alishuka, pumzi ameibana, kichwa juu.

"Nilikuwa na bahati mbaya," Perpétue alisema, akitabasamu.

Jolie akaangua kicheko. "Bahati gani, mama? Achille, mpaka leo hujamwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nyasi zote zilikuwa fupi!" Jolie alijishika mbavu. "Ukishachomoa wako, Achille anatupa zingine. Ndiyo maana tulikuita Kapiteni, uchague kwanza."

Achille aliinua mabega. "Tulikuwa watoto. Mama yangu alituambia, penye mazuku atangulie mutoto wa kambi. Kwao wako wengi."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hilo ndilo lililomkata Perpétue; chuki angeijibu. Alipapasa ndani yake mahali jina lile lilipokaa miaka yote, akakuta tundu. Halikuuma bado.

"Basi tucheze," alisema.

Achille alifurahi, akairusha kofia yake shimoni badala ya mpira. Perpétue aliwapa mgongo, akang'oa nyasi, akawageukia akiwa amefumba ngumi.

"Leo kapiteni ni wewe, papa. Chagua."

Achille alichomoa. Mfupi. Akamfumbua vidole, akaziona zilizobaki, akacheka mpaka machozi. "Zote fupi! Umejifunza, dada!" Alichungulia chini, macho yake kwenye kofia. "Hewa iko muzuri? Wewe ndiye unajua."

Upepo ulikuwa umetulia. Hatua chache kutoka kwenye kofia, kati ya mawe, mjusi alilala chali, tumbo jeupe juu, na hapakuwa na nzi hata mmoja.

"Asubuhi ndiyo mbaya," Perpétue alisema. "Sasa jua limepanda."

Kila neno lilikuwa kweli.

Achille alishuka akipiga mluzi. Jolie aliinua simu ampige picha. Huko chini aliwageukia, akapiga saluti kwa madaha, kisha akainama.

Perpétue alivuta pumzi, akaibana, kama alivyozoea.