Anuani Yenye Jina la Biashara

Anitha alipobonyeza pale palipoandikwa "nimesahau neno la siri", ujumbe wenye tarakimu sita haukuja kwenye simu yangu. Ulikwenda kwenye simu ya Bwana Habibu, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala kule kwetu Makutupora, wakati sisi tulikuwa tumekaa mjini Dodoma. Anitha ni binti wa kaka yangu. Anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja, na tangu aipate kazi hiyo hana subira na watu wa umri wangu. Aliizungusha skrini nikaiona mwenyewe namba iliyoandikishwa.

"Shangazi, hii anuani ya barua pepe si yako," alisema. "Ni ya huyo mzee."

"Si mzee. Tuko rika moja."

"Basi ni ya huyo kijana."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sijifichi. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejitakia mwenyewe. Kazi yangu ni kukausha zabibu. Nina vichanja kumi na viwili vya kuanikia nyuma ya nyumba, wanawake wanne wa kunisaidia msimu wa mavuno, na mteja mmoja mkubwa, hoteli ya mjini inayooka mikate na keki. Miaka sita iliyopita afisa ununuzi wao, Bwana Elisante, aliniomba anuani ya barua pepe. Nilikuwa na simu ya kitochi tu. Nikaenda kwa Habibu, akanifungulia ya bure kwa dakika kumi, akaweka namba yake ya simu kama alivyowawekea waomba kazi, wanakwaya na nusu ya wakulima wa Makutupora. Tangu hapo barua ikiingia ananipigia, naenda, ananisomea. Nasema jibu, anaandika. Hata nilipokuja kununua simu kubwa sikuona sababu ya kubadili utaratibu.

Sasa hoteli ilikuwa imeleta masharti mapya. Kila anayewauzia bidhaa awe na anuani rasmi yenye jina la biashara, na aiwasilishe kabla ya Ijumaa jioni. Asiyekuwa nayo, mkataba wa mwaka mzima unakwenda kwa mwingine. Bila hoteli ile sina biashara, nina zabibu za kupima kwa kikombe sokoni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Anitha aliniwekea mezani kampuni tatu zinazotoa huduma hiyo kwa malipo. Alinieleza habari za nafasi ya kuhifadhi, ulinzi, na bei kwa kila sanduku la barua. Nilimsikiliza kwa adabu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi, kisha nikaomba namba zao za simu.

"Za nini, shangazi? Watu hawachagui barua pepe kwa kupiga simu."

"Mimi nachagua hivyo. Siku ikiharibika nitazungumza na nani?"

Kampuni ya kwanza ilinipigia muziki mpaka nikakata. Ya pili sauti ya mashine ilinitaka nibonyeze moja, halafu tatu, halafu ikaniaga. Ya tatu alipokea msichana, na aliposikia sauti yangu tu akasema, "Shikamoo mama." Nilimuuliza kama barua zangu za zamani zinaweza kuhamishwa zote. Akasema zinahamishika, mradi nijue neno la siri la anuani ya zamani. Nikakata shauri papo hapo. Anitha alisema haikuwa ya bei nafuu kuliko zote, nikamwambia shikamoo nayo ina bei yake.

Kesho yake tukaenda kwa Habibu. Ni Mrangi wa Kondoa, mtu mtaratibu, mwenye kuvaa koti hata jua likiwa kali. Tulipomweleza shida yetu hakufurahi. Alisafisha miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Barua za zamani za nini, Mama Tumsifu? Anuani mpya, mambo mapya. Anza upya tu."

"Ni barua zangu," nikasema.

"Ni zako," alikubali, lakini alisema kama mtu anayeumwa jino. Akamtajia Anitha tarakimu zilipoingia kwenye simu yake, kisha akaenda kusimama mlangoni, akitugeuzia mgongo.

Sikuwa na nia ya kusoma chochote. Ni Anitha aliyefungua barua zilizotumwa ili ahakikishe zimo zote, akacheka. "Shangazi, kumbe unajua kubembeleza!" Nikasogea. Barua ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya siku waliyochelewesha gari lao. Nakumbuka vizuri nilichomwambia Habibu: waambie mimi si mlinzi wa barabara, wakija wasipokuja shauri yao. Kwenye skrini paliandikwa hivi: "Tunawaombea safari njema. Mzigo uko tayari, nanyi mkifika saa yoyote mtatukuta." Chini yake jina langu.

Nikashuka nazo moja moja. Kiasi, tarehe, bei, vyote vilikuwa sawa kama nilivyosema. Hakuwahi kudanganya kilo hata moja. Ila yule mwanamke aliyekuwa akiandika hakuwa mimi. Alishukuru. Aliulizia afya ya mtoto wa Elisante. Aliomba samahani mara nyingi kuliko nilivyowahi kuomba tangu nizaliwe.

Kisha nikaifikia barua ya Machi, mwaka aliofariki mume wangu Abeli. Hoteli ililalamika kwamba zabibu zilikuwa na ukungu. Mimi nilimwambia Habibu awajibu kwamba mvua haikuniuliza kabla ya kunyesha, kama hawataki waache. Naye aliandika: "Mvua ilinyesha siku tuliyomzika mume wangu. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kuanua. Kosa ni letu. Naomba siku kumi, nitaleta mzigo mwingine."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Nami sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Siku ile nilisikia mvua ikipiga tukiwa makaburini, nikajua vichanja vinalowa, na nikaona aibu kwamba nimekumbuka zabibu wakati Abeli anashushwa. Habibu alikuwepo, alishika koleo pamoja na wengine. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nilisimama katikati ya duka lake machozi yakinitoka mbele ya mtoto wa kaka yangu, jambo ambalo sijalizoea.

"Ulinifanya niombe," nikamwambia mgongo wake.

"Niliogopa watakuacha," alijibu bila kugeuka. "Ungekuwa na nani, Mama Tumsifu?"

Tulitoka bila kuagana vizuri, na usiku huo sikulala sana.

Ijumaa asubuhi anuani mpya ilikuwa tayari, jina la biashara limekaa mwisho kama saini. Anitha aliniandalia barua ya kuituma hotelini, nzuri, yenye shukrani juu na shukrani chini. Nikaifuta. Sikutaka Elisante aendelee kunipenda kwa tabia nisiyo nayo. Nikaandika mwenyewe, kwa kidole, kwenye simu:

"Bwana Elisante, hii ndiyo anuani mpya. Barua zote za nyuma aliandika Habibu wa duka la kuchapa. Maneno ya adabu yalikuwa yake, zabibu zilikuwa zangu. Kuanzia leo naandika mwenyewe. Zabibu hazijabadilika."

"Shangazi, wataona ulikuwa unawadanganya," Anitha alisema. "Utapoteza mkataba kwa mikono yako."

"Tuma."

Alituma. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa nilichambua vikonyo kwenye zabibu ambazo zilikwisha chambuliwa. Nilikuwa naogopa, nakiri. Saa tisa na nusu simu ikalia. Nilisoma polepole, maana sikuwa na wa kunisomea.

"Mama, tumepokea anuani na mkataba unaandaliwa. Kuhusu ulilotueleza: mwaka ule wa ukungu nilikuwa nimeshaandika barua ya kuachana nawe. Sikuituma kwa sababu ya ile iliyotoka kwako. Kwa oda tutakuandikia wewe. Ila siku mzigo ukileta shida, tungependa kumwandikia yeye. Tupatie anuani yake."

Nilirudia kuisoma mara tatu. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa na kitu kichungu ndani yake. Nikavaa viatu, nikaenda dukani.

Habibu alikuwa anabana karatasi za mtu. Alinisalimu kwa uangalifu, kama mtu asiyejua ataangukiwa na nini. Nikamwonyesha barua. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Nimekuja kuomba," nikasema. Neno lilinikwama, nikalirudia ili asije akadhani amesikia vibaya. "Nakuomba, Habibu. Acha nikulipie sanduku la pili, uwe unawaandikia. Si kwa jina langu. Kwa lako."

"Kwa jina langu sitajua niwaambie nini." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kufikiri wewe ungesema nini kama usingekuwa na hasira."

"Basi sasa fikiri wewe ungesema nini."

Alizisogeza pembeni karatasi alizokuwa akibana. Nilimpigia yule msichana wa kampuni, naye akatuelekeza ukurasa wa kujaza. Habibu akaufungua kwenye kompyuta yake. Mahali pa kwanza paliulizwa jina la mwenye sanduku. Jina langu alikuwa akiliandika huku anazungumza na wateja, bila kutazama kibodi. Lake alilitafuta herufi moja moja, kwa kidole kimoja, nami sikumharakisha.