Mikono Miwili ya Kushoto

Mafundi cherehani tunawajua. Unampelekea kitambaa Jumatatu, anakwambia njoo Jumatano. Jumatano anakwambia njoo kesho. Kesho unamkuta anakunywa chai na kitambaa chako amekikalia, na atakuapia kwa jina la mama yake kwamba kimebaki kifungo tu. Kitambaa chenyewe hakijaguswa hata na chaki! Hatukasiriki tena, tumeshazoea.

Mmoja tu hakuwa hivyo. Watu walimwita Chapuchapu, na hata marehemu mumewe alimwita hivyo mpaka jina la kwenye cheti cha ndoa likasahaulika. Akikwambia Alhamisi saa nne, basi Alhamisi saa nne nguo inaning'inia, imepigwa pasi, na yeye ameshaanza ya mwingine. Kama haiwezekani, alikwambia haiwezekani, uso mkavu, hata uwe mke wa nani.

Kwa hiyo kansa ilipompata kwenye titi, mtaa mzima ulisema imekosea mlango. Alipasuliwa, kidonda kikapona, akaanza kuwekewa dripu za dawa kila baada ya wiki tatu. Nywele zilipodondoka alijishonea kofia za kila rangi, akasema afadhali, anaokoa sabuni. Kichefuchefu alikitukana kikapungua. Kilichomshinda ni uchovu.

Usidhani ni uchovu wangu na wako, wa kulala ukaamka umeusahau. Huu alilala nao, akaamka nao umenenepa, kana kwamba usiku kucha alikuwa anatwanga. Akipiga mswaki, alipumzika katikati. Akishavaa blauzi, alikaa kitandani kungoja nguvu za kuvaa sketi. Mkasi wake mkubwa wa chuma ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa. Na kichwa nacho kilianza kumwacha njiani: anaingia chumba cha nyuma kufuata uzi, akifika anasimama kuutazama ukuta, hajui amefuata nini.

Wifi yake, dada wa marehemu, alihamia pale kumsaidia. Mwanamke mnene, mchapakazi, mwenye mdomo usio na kifuniko. Kushona mshono ulionyooka alijua, lakini kukata nguo hakuthubutu.

"Amka wewe! Kaka yangu alioa fundi au alioa godoro?"

"Alioa fundi, ila mahari ikaja na dada mwenye domo. Niletee chai."

Walicheka. Ila chai ilipoa mezani haijanywewa, na Wifi aliiondoa.

Nje ya nyumba ile hakuna aliyejua habari ya uchovu huo. Nasi ndivyo tulivyo: mtu kavunjika mguu, ukimsalimia atasema nzuri, halafu ndipo aseme, "ila huu mguu tu." Chapuchapu alikuwa haifikii hiyo "ila." Jirani akimuuliza hali, nzuri. Mteja, nzuri. Daktari wake, nzuri, namshukuru Mungu. Moyoni alikuwa ameshajihukumu: uchovu ndiyo bei ya dawa, na atakayelalamika ataambiwa afunge duka. Duka lile alilifungua kwa jasho lake kabla hata hajaolewa. Bila duka, yeye ni nani? Mgonjwa tu, kama wagonjwa wengine kwenye benchi.

Sasa akaja Mwalimu, mzee mstaafu aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma. Binti yake wa mwisho alikuwa anahitimu chuo, na mzee alitaka koti la kumsindikizia. Alileta kitambaa cha kijivu, laini, alicholetewa na mwanawe kutoka mbali, kipande kimoja tu. Chapuchapu akampima, akamwambia Jumamosi.

Alikata mwili wa koti vizuri. Akakata mkono wa kwanza. Sasa, mkono wa pili una siri yake: lazima uipindue ile karatasi ya kipimo, la sivyo utapata mikono miwili ya upande mmoja. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na fundi wake humchapa kofi la kisogoni. Chapuchapu alikata huku macho yanafumba yenyewe. Wifi ndiye aliyeishika mikono ile, akaijaribu huku, akaijaribu kule, akanyamaza. Na Wifi kunyamaza ni habari mbaya.

"Wifi. Hii yote si ya kushoto?"

Chapuchapu aliitazama. Akakaa chini sakafuni, juu ya mabaki ya vitambaa, akalia. Hakuwa amelia alipopasuliwa wala nywele zilipokwisha. Alilia kwa ajili ya mikono ya koti.

"Dawa naiacha," akasema. "Kesho siendi. Dripu zilizobaki wampe mwingine. Kama ni kufa, nife fundi."

"Unasema nini wewe?"

"Umesikia."

Mara hii Wifi hakutania. Alimpangusa uso kwa upindo wa khanga yake, kisha akaikunja ile mikono miwili, akaitia kwenye mkoba.

"Usiende kutibiwa, sawa," akasema. "Lakini nenda kamwambie daktari mwenyewe, ana kwa ana. Au unataka kumkimbia kama fundi anayemkimbia mteja?"

Lo! Neno hilo lilimchoma. Asubuhi alivaa kofia ya njano, wakaenda.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyomshukia puani, na foleni yake nje ilikuwa ndefu.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Unaendeleaje na dawa?"

"Naendelea vizuri."

"Mwili?"

"Mzima tu, namshukuru Mungu."

Daktari akainamia faili lake. Chapuchapu akafungua mdomo aseme lililomleta, maneno yakagoma. Wifi akaguna. Akafungua mkoba, akaitandika mikono miwili ya kijivu juu ya meza, juu ya faili lenyewe.

"Daktari, ndiyo huo uzima. Huyu tangu azaliwe hajawahi kukata hivi. Mkono wa kushoto, na wa kushoto! Binadamu gani ana mikono hii? Anapumzika akipiga mswaki. Anasahau kilichompeleka chumbani. Na leo amekuja kukuaga, dawa hataki tena. Mteja hajawahi kumdanganya hata kwa kifungo, wewe anakudanganya kila mara. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sina nguo ya msiba inayonitosha."

Daktari aliishika mikono ile, akaigeuzageuza. Kisha akavua miwani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza kila ukija."

"Ulinisalimia, daktari," akasema Chapuchapu. "Salamu si swali."

Daktari akalifunga faili. Akasogeza kiti, akauliza upya, taratibu: uchovu unaanza lini, ukipanda ngazi unajisikiaje, unalala saa ngapi mchana, unakula nini. Chapuchapu akajibu. Alipoanza hakukoma. Alishangaa yeye mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mengi, na jinsi kuyatoa kulivyompunguzia mzigo.

Wakampima damu siku ileile. Ilikuwa imeshuka vibaya.

"Hili tunalitibu," daktari akasema. "Dripu tutaisogeza kidogo mpaka damu ipande. Uchovu mwingine ni wa dawa yenyewe, na huo haumalizwi na kulala tu. Tembea kidogo asubuhi, hata mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kazi gawa. Kuacha tiba sikushauri, ila uamuzi ni wako. Mimi sitibu uvimbe peke yake, natibu na wewe mwenye uvimbe. Niambie, nguvu zako zinakuja saa ngapi?"

"Asubuhi, nikishakunywa chai. Hazikai."

"Na ukipewa hizohizo tu, utafanyia nini?"

"Kukata," akasema, hata hakufikiri.

Ndivyo alivyojua yeye ni nani. Cherehani mtu yeyote anaweza kuikanyaga. Fundi ni mkasi.

Alipotoka pale alipitia kwa Mwalimu, akamkuta uani anamwagilia mchicha. Hakuzunguka.

"Mwalimu, koti nimeliharibu. Nimekata mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kimekwisha. Naumwa, dawa zinanichosha, na nilikuahidi kitu nisichokiweza. Kwa mwili uliokwisha katwa naweza kukupa kizibao kisicho na mikono, tena kizuri. Lakini si Jumamosi hii. Jumamosi ijayo, kabla ya sherehe."

Mzee akaweka ndoo chini.

"Unadhani nilikuja kwako kwa sababu ya haraka? Wenye haraka wamejaa tele. Nilikuja kwa sababu ukisema Jumamosi, mimi nalala usingizi." Akafikiri. "Kizibao, eh? Siku yenyewe kutakuwa na jua. Hilo koti lingeniua."

Kizibao kilitoka Jumamosi ile ya pili. Chapuchapu alikata asubuhi akiwa amekaa kwenye stuli ndefu, Wifi akashona, na palipopinda palifumuliwa huku wakitukanana. Mchana Chapuchapu alijilaza kidogo bila kuona haya, mlango wazi, wateja wakimsikia akikoroma. Uchovu haukuhama. Ila sasa alijua unapokaa, na aliupa kona yake badala ya nyumba nzima.

Damu ilipopanda, alirudi kwenye dripu. Kwa miguu yake, na kofia nyekundu.

"Hujambo, mama? Habari za tangu juzi?"

"Nzuri," akasema Chapuchapu.

Wifi akakohoa. Daktari akaweka kalamu mezani, akangoja.

"Ila," akasema Chapuchapu, akavuta kiti karibu.