Mpira wa Hyasinti

Notburga aliosha changarawe mara saba, mpaka maji ya kwenye beseni yakaacha kuchafuka. Akaimwaga ndani ya tangi la kioo lililokuwa juu ya kabati la vyombo, kina cha vidole viwili. Kisha akakata kipande cha sponji ya godoro, akakitoboa katikati kwa msumari wa moto, akakipachika kwenye bomba fupi la plastiki. Hilo ndilo lilikuwa chujio. Ilibaki hewa ya kuyasukuma maji yapite kwenye sponji.

Samaki walikuwa mbuna wanne wa bluu. Alikuwa amehamia nao Mbinga mjini ndani ya ndoo yenye mfuniko. Waliachwa na mumewe, Hyasinti, ambaye kazi yake ilikuwa kuzamia mbuna kwenye miamba ya Lundo, ziwani, kwa niaba ya tajiri aliyeuza samaki wa mapambo nje ya nchi. Chini ya maji Hyasinti alipumua kwa mpira mrefu uliotoka kwenye kompresa ya hewa iliyokuwa ndani ya boti. Siku moja ya mwezi wa tatu, saa kumi alasiri, mpira ulirudi bila yeye, na mwili haukuonekana. Tajiri alimpelekea mjane nguo na kipande cha mwisho cha mpira, kama mita moja na nusu, chenye alama za meno.

Taarifa ya kifo ilisema alizama kwa sababu ya ulevi. Hyasinti alikuwa hanywi hata togwa iliyolala ikachacha. Notburga alikwenda mara mbili kwenye ofisi iliyoiandika kuomba sentensi hiyo ifutwe. Aliambiwa alete shahidi.

Pampu ya hewa aliinunua kwa Adinani, mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye alikuja mwenyewe kuifunga.

"Mpira mwembamba umeniishia, dada. Labda mzigo wa wiki ijayo."

"Samaki hawatafika wiki ijayo."

"Basi lete mpira wowote."

Nyumbani kulikuwa na mpira mmoja tu. Adinani aliufunga kwenye pampu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na upande wenye alama za meno akauingiza kwenye bomba la sponji. Mapovu yakatoka, yakatulia, yakatoka tena. Adinani alisikiliza kwa muda, kisha akachomoa waya ukutani. Mapovu yakaendelea kama mwanzo.

"Huyu anapumua mwenyewe," alisema. Akafungua pampu, akairudisha kwenye boksi lake.

Chujio huchukua wiki nne kukomaa. Wiki ya nne maji yalitakata, na saa kumi alasiri mpira ukavutwa kutoka ndani ya tangi. Wazamiaji wa Lundo huvuta mara moja kusema niko salama, mara mbili kusema ndoo imejaa, mara tatu kusema nitoeni. Mpira ulivutwa mara tatu. Ukatulia, ukavutwa tatu tena, kisha tatu nyingine. Baada ya hapo mapovu yalikoma mpaka asubuhi. Ikawa hivyo kila siku.

Notburga alimwita Protasi, mdogo wake Hyasinti, ambaye siku ile ndiye aliyeshika mpira kwenye boti. Alikuja kwa basi, akala, akakaa kwenye mkeka. Saa kumi ikafika.

"Shemeji, hiyo ni mara ngapi?" Notburga aliuliza.

"Tatu."

"Na siku ile?"

Protasi aliwatazama samaki. "Siku ile pia tatu. Nikamwambia tajiri. Akasema ndoo haijajaa, huyo anadeka."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeushika tu, shemeji."

Kesho yake walikwenda ofisini, na Protasi akayasema hayo tena. Karani alifika nyumbani kabla ya saa kumi. Alivua viatu mlangoni, akahesabu kwa vidole, akakubali kuwa ni tatu. Kisha akaeleza kwa upole kwamba jalada lilishafungwa na kupelekwa Songea, na kwamba fomu haina nafasi ya kuandika mpira. Alipokuwa akivaa viatu aliuliza maji yanatakata vipi namna ile.

"Sponji usiioshe kwa maji ya bomba," Notburga alisema. "Ioshe kwa maji ya tangi lenyewe. Ina uhai ndani yake."

Protasi alirudi Lundo. Tajiri amepata mzamiaji mwingine na mpira mpya, na Protasi ndiye anayeushika.

Kila siku, saa kumi ikikaribia, Notburga huepua chungu jikoni na kusimama mbele ya kabati. Mpira ukivutwa mara ya tatu, naye huvuta. Hutoka mita thelathini, baridi, zenye harufu ya ziwa, zikijikunja sakafuni mpaka mlangoni. Mwisho wake hutoka mtupu. Alama za meno huwa bado zina joto. Huzifuta kwa khanga, kisha huurudisha mpira majini taratibu, asije akatibua changarawe.